Stendi ya kubalansi magurudumu ya ndege ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mafundi, marubani na vijana wa ufundi wa hapa Mtwara, pamoja na wanaopiga simu kutoka Lindi, Kilwa na Masasi. Majibu yanahusu ndege za injini moja, kuanzia Cessna 150 hadi Caravan. Stendi ninayoizungumzia ni miguu miwili inayobeba fimbo: gurudumu linashikwa kwenye fimbo hiyo kwa koni mbili na kuachwa huru, upande mzito ushuke chini, nawe unaongeza uzito upande wa pili. Msimamo wangu nautanguliza: stendi nzuri haihitaji hela nyingi, mradi hiyo kidogo uliyonayo iende kwenye beringi, fimbo na koni. Fremu hata ya mbao inafaa.

Gurudumu la ndege linazunguka sekunde chache tu. Kwa nini nisumbuke kulibalansi?

Kwa sababu ya mwendo linaouchukua ghafla. Cessna 172 ikigusa lami kwa noti 55, yaani kama kilomita 100 kwa saa, tairi la 6.00-6 (upana inchi 6, rimu ya inchi 6) lenye kipenyo cha karibu sentimita 44 linatoka kusimama hadi kuzunguka zaidi ya mara 1,200 kwa dakika. Sasa chukulia upande mmoja wa tairi, karibu na sehemu inayokanyaga chini, una gramu 30 zaidi ya upande wa pili. Kwa mwendo huo gramu hizo zinavuta kwa nguvu ya karibu newton 97, sawa na kuning'iniza kilo 10, na mvuto huo unazunguka mara 20 kila sekunde. Anayeumia ni beringi, bushi za mguu wa mbele, na mwisho vifaa vya kwenye dashibodi.

Kuna namna rahisi ya kujua gurudumu lipi lina shida. Ndege ikishanyanyuka na mtetemo ukaendelea, rubani aguse breki taratibu. Ukikata hapo hapo, ni magurudumu makuu. Ukiendelea mpaka ufe wenyewe, liangalie la mbele, maana hilo halina breki.

Gurudumu la mbele linatikisika vibaya wakati wa kukimbia kwenye njia. Nikilibalansi litatulia?

Huenda, lakini usianzie hapo. Balansi ni ya mwisho kwenye orodha yangu, na naona watu wengi wanaianza kwa kuwa ndiyo inayoonekana kuwa rahisi. Angalia kwanza kizuia mtikisiko, ile silinda ndogo iliyo pembeni ya mguu wa mbele: kama inavuja mafuta au ina nafasi tupu ndani, mtikisiko hautaisha hata ubalansi kila wiki. Kisha shika mikono ya mkasi inayounganisha sehemu ya juu na ya chini ya mguu, uichezeshe. Bushi zikiwa zimelika utausikia mlio kabla hujauona mchezo wenyewe. Nati ya ekseli iliyolegea nayo huleta mambo hayo hayo, na upepo wa tairi usiolingana na kitabu cha ndege vilevile.

Hayo yote yakiwa salama, ndipo upandishe gurudumu kwenye stendi.

Ile nukta nyekundu kwenye tairi jipya ni ya nini?

Inaonyesha upande mwepesi wa tairi. Tyubu ya ndege nayo huwa na alama ya upande wake mzito. Wakati wa kufunga, alama ya tyubu inakaa penye nukta nyekundu, na kwa tairi lisilo na tyubu nukta inakaa penye valvu. Fundi akizingatia hilo tu, nusu ya kazi imeisha, na wakati mwingine hutahitaji kubandika hata gramu moja.

Angalizo moja hapa ambalo halina mzaha. Rimu nyingi za ndege ndogo ni nusu mbili zilizofungwa kwa bolti. Ondoa kiini cha valvu na uhakikishe upepo wote umetoka kabla ya kugusa bolti hizo. Rimu iliyofunguliwa ikiwa na upepo inapasuka na kuruka vipande viwili, na imewahi kuua watu. Wakati wa kufunga, kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye rimu au kwenye kitabu chake.

Si nipeleke tu gereji ya magari, wana mashine ya kompyuta?

Mashine ni nzuri, ila haikutengenezwa kwa ajili ya gurudumu lako. Shafti yake mara nyingi ina unene wa milimita 36 au 40, wakati tundu la gurudumu la ndege ndogo mara nyingi linapitisha ekseli nyembamba kuliko hiyo, nyingine za inchi moja na robo tu. Koni za gereji zimepangwa kwa matundu mapana ya rimu za gari. Tena kuna diski ya breki iliyofungwa kwenye rimu, inayozuia gurudumu kukaa vizuri kwenye kikombe cha mashine. Nimeona mtu akilazimisha kwa kubana upande mmoja tu. Kompyuta ikampa namba safi kabisa, namba ya gurudumu lililokaa pembeni.

Na stendi ya pikipiki?

Hiyo ndiyo ya kununua kama hutaki kutengeneza. Ina fimbo nyembamba, koni mbili zinazoteleza na kufungwa kwa skrubu, na miguu miwili yenye beringi. Kabla ya kulipa uliza mambo manne. Koni zinashika tundu la kuanzia milimita ngapi hadi ngapi? Ukipata inayoanzia 20 na kufika 50 na kitu, umefunika karibu ndege ndogo zote za huku kwetu. Fimbo ni chuma kilichosuguliwa sawasawa, au bomba tu? Nafasi kati ya miguu inatosha gurudumu lenye diski ya breki? Na urefu kutoka beringi hadi chini unatosha tairi lako? La 5.00-5 lina kipenyo cha sentimita 36, lakini 8.50-10 la Caravan linakaribia 65, na stendi nyingi za pikipiki hazifiki huko bila kuinuliwa juu ya matofali.

Vifaa vya namna hii huagizwa Dar na kuletwa kwa parseli ya basi. Fimbo ifungwe peke yake ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Ikipinda njiani, umenunua fremu.

Nataka kutengeneza mwenyewe. Ninunue nini?

Fimbo ya chuma iliyonyooka, milimita 12 kwa magurudumu madogo, 16 kama utabeba la Caravan. Duka la vyuma litakupa nondo ukiitaja vibaya. Unachotaka ni shafti iliyosuguliwa, ile inayong'aa na yenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Fimbo za ndani ya printa kubwa za ofisi zilizokufa zinafaa sana, na mafundi wa kompyuta wanazitupa.

Beringi nne namba 608. Ni ndogo, upana wa nje milimita 22, tundu milimita 8, na zipo mpaka kwenye viatu vya magurudumu vya watoto. Zifunge mbili mbili juu ya kila mguu, zikiwa karibu karibu bila kugusana, ili fimbo ilale kwenye bonde kati yake. Hii ni bora kuliko kuiingiza fimbo ndani ya beringi, na sababu yake ni ya kihesabu tu: fimbo ya milimita 12 ikizunguka mara moja, beringi ya 22 inazunguka zaidi kidogo ya nusu, kwa hiyo ukinzani unaofika kwenye fimbo unapungua kwa kiwango hicho hicho.

Beringi mpya zinakuja na grisi nzito na vifuniko. Ng'oa vifuniko kwa ncha ya sindano, ziloweke kwenye mafuta ya taa mpaka grisi yote itoke, zikaushe, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Ukiipiga kwa kidole isimame baada ya muda mrefu, si mara moja. Wanaoruka hatua hii ndio wanaolalamika kwamba stendi ya kujitengenezea haisikii gramu chache.

Miguu iwe mbao ngumu, bomba la mraba au chuma cha pembe, chochote ulicho nacho. Urefu wa sentimita 35 unatosha mpaka tairi la Caravan. Nafasi kati ya miguu iwe sentimita 25 hadi 30. Weka skrubu ndefu kwenye pembe za kitako ili uweze kusawazisha kwa pima maji, maana sakafu za karakana zetu zinaelekea popote. Fimbo isipolala sawa, gurudumu litateleza kuelekea mguu mmoja na kusugua.

Wengine hutumia kingo mbili za chuma badala ya beringi, fimbo inaviringika juu yake. Inafanya kazi vizuri na ni rahisi zaidi, ila kingo hizo lazima ziwe sawa kabisa, na sio kila fundi ana uvumilivu huo. Mimi napendelea beringi.

Koni nichongeshe wapi, na kwa kipimo gani?

Hapa ndipo hela inapotakiwa kwenda. Tafuta fundi mwenye mashine ya kukereza, mjini wapo, na vyuo vya VETA na karakana za SIDO zinaweza kukuelekeza. Nunua kipande cha alumini au nailoni ngumu. Usitumie chuma, kwa sababu koni itakaa ndani ya kikombe cha beringi ya gurudumu, ile pete ya nje inayobaki ndani ya gurudumu, na mkwaruzo mmoja kwenye kikombe hicho ni beringi mpya. Kabla ya kupandisha, toa beringi za gurudumu lenyewe na mihuri yake. Zina grisi na zitakwamisha kila kitu. Koni ishike kwenye vikombe, kwa kuwa vikombe ndivyo katikati halisi ya mzunguko.

Tundu la koni liipokee fimbo bila kuchezacheza. Mafundi wengi wakiambiwa milimita 12 wanatoboa kwa biti ya 12 na kukabidhi, nawe unabaki na mwanya. Ona mwanya huo unafanya nini: fimbo ikicheza kwa milimita 0.2, gurudumu linaweza kukaa nje ya katikati kwa milimita 0.1. Gurudumu na tairi lake vikiwa na kilo 8, huo ni mzigo wa upande mmoja wa gramu 800 kwa milimita, sawa na kubandika gramu 10 na nusu kwenye ukingo wa rimu ya inchi 6. Kwa hiyo mwambie fundi atoboe ndogo kidogo, kisha apanue kwa biti ya kulainishia mpaka fimbo iingie kwa kusukumwa na mkono. Mpelekee fimbo yenyewe, sio namba kwenye karatasi.

Agiza koni na tundu vichongwe bila kuhamisha kipande kwenye mashine. Kikifunguliwa na kufungwa upya, koni na tundu havitakuwa na katikati moja tena.

Nitajuaje stendi hainidanganyi?

Pandisha gurudumu, liache litulie, weka alama ya chaki chini penye upande mzito. Kisha legeza koni, zungusha gurudumu nusu mzunguko huku fimbo na koni zikibaki zilivyo, kaza tena. Liache litulie. Kama chaki imerudi chini, shida ni ya gurudumu na stendi yako ni nzima. Kama chaki imekaa juu au pembeni, fimbo imepinda au koni hazina katikati.

Jaribio la pili ni la usikivu. Gurudumu likishabalansiwa, bandika kipande cha gramu 5 kwenye ukingo wa rimu, pembeni, kwenye kimo sawa na ekseli, na uachie. Lazima kishuke. Kisiposhuka, rudi kwenye beringi, zina uchafu. Kwa kupima gramu hizo mizani ndogo ya dhahabu inatosha, na Ruangwa na Nachingwea hutakosa mtu anayeitumia.

Nipe kazi yenyewe ilivyo, kwa gurudumu la mbele la 5.00-5.

Jaza upepo kwa kiwango cha kitabu, utoe, ujaze tena, ili tyubu ikunjuke. Tairi jipya liache lilale usiku mzima: nailoni inatanuka na upepo hupungua katika saa 12 hadi 24 za kwanza. Rekebisha upepo asubuhi. Kwanza lizungushe taratibu ukiwa umeshika penseli karibu na tairi bila kugusa. Ukiona mwanya unafunguka na kufunga sana, tairi halijakaa kwenye rimu au limelika bapa mahali pamoja, na uzito hautaliponya.

Funga mlango. Msimu wa kusi upepo wa baharini unaingia mpaka pembeni mwa karakana na kusukuma gurudumu lililo huru, nawe utadhani ni uzito.

Sasa liachie. Litaenda upande mmoja, lirudi, liende tena kidogo, kila safari fupi kuliko ya kabla, mpaka linyamaze. Chaki chini. Ligeuze robo mzunguko, liachie. Robo nyingine. Chaki ikirudi chini kila mara, umepata. Ikitua mahali tofauti kila mara, gurudumu limekaribia kuwa sawa tayari au beringi ni chafu.

Bandika vipande kwa utepe wa karatasi juu, mkabala na chaki, ukiongeza gramu 5 mpaka gurudumu likae popote unapoliacha. Ukikwama kati ya vipande viwili, tenganisha: vipande viwili vya gramu 20 vikikaa digrii 60 kila upande wa mahali pepesi, vinafanya kazi ya gramu 20 badala ya 40. Ukiridhika, safisha mahali hapo kwa spiriti, bandika vya kudumu, rudia jaribio.

Vipande vya uzito vya gari vinafaa?

Vya kubandika, ndiyo, vile vya tepe vyenye gramu 5 au 10 kila kipande, vya pikipiki hasa. Vya kubana kwenye ukingo, hapana. Ukingo wa rimu ya ndege una umbo jingine, kibanio kitakwaruza chuma na kitaruka siku ndege ikigusa chini. Na usitoboe rimu kwa sababu yoyote.

Vibandike mbali na diski ya breki, upande wa nusu ya pili ya rimu, kwa sababu joto la breki linalegeza gundi. Kisha zungusha gurudumu likiwa limefungwa kwenye ndege uhakikishe havigusi kalipa ya breki wala kifuniko cha gurudumu.

Nimeshabandika gramu nyingi na bado halitulii. Kwa nini?

Kumbuka rimu za ndege ni ndogo. Gramu 30 zilizo kwenye ukingo wa tairi, sentimita 20 kutoka katikati, zinahitaji karibu gramu 79 kwenye ukingo wa rimu ya inchi 6 ili kuzifuta. Kwa hiyo usishtuke kuona nyingi kuliko za gari. Mimi nikiona navuka gramu mia hivi nasimama, natoa upepo, nafungua, nageuza tairi nusu mzunguko juu ya rimu na kukagua alama ya tyubu. Mara nyingi fundi wa mwisho aliifunga bila kuangalia.

Hewa ya chumvi inaharibu nini?

Rimu. Baadhi ya rimu za ndege ndogo ni za magnesi, na magnesi na bahari havipatani. Ndege inayolala Mtwara, Kilwa Masoko au Songo Songo ikaguliwe chini ya kila kipande cha uzito, kwa sababu maji ya chumvi yanajificha hapo na rangi ikishabanduka kutu nyeupe inaanza kula. Epuka vipande vya chuma kitupu. Fimbo na beringi za stendi zipake mafuta kidogo kabla ya kuziweka, na zifungie kwenye mfuko.

Je, nahitaji balansi ya kuzungusha kwa mwendo, sio hii ya kuliacha lishuke lenyewe?

Kwa magurudumu membamba ya ndege ndogo, hii inatosha.

TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, wanaruhusu kifaa cha kujitengenezea?

Stendi si sehemu ya ndege, lakini gurudumu ni sehemu ya ndege. Kwa ndege iliyosajiliwa, kazi ya gurudumu inasimamiwa na kusainiwa na injinia mwenye leseni, kwa kufuata kitabu cha matengenezo, na kitabu ndicho kinachosema uzito unaruhusiwa wapi. Muonyeshe stendi yako kabla ya kuanza, fanya mbele yake lile jaribio la kugeuza nusu mzunguko. Injinia mzuri atauliza maswali kuhusu koni kabla ya kuuliza bei. Akikataa, amekataa, jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye kitabu cha ndege.

Nibalansi kila baada ya muda gani?

Kila tairi au tyubu inapobadilishwa, na kila rimu inapofunguliwa kwa pancha. Pia ukikuta kipande cha uzito kimedondoka, jambo la kawaida kwa ndege zinazotua kwenye changarawe.

Stendi hiyo hiyo naweza kubalansia magurudumu ya bodaboda?

Unaweza, na kwa fundi wa Masasi au Nachingwea hiyo ndiyo njia ya kurudisha gharama, maana ndege haziji kila siku. Ila koni za nailoni zitakula mchanga na kuchubuka kwenye vyuma vya pikipiki. Chongesha jozi mbili, ya ndege iwe na alama ya rangi, na ikae kwenye kopo lake.